Mkato hauko skwea: kutafuta kosa kwenye msumeno wa reli na vigingi vya benchi

Lalamiko la wanaotumia msumeno wa reli, yaani msumeno wa bledi ya duara unaoteleza juu ya reli iliyolazwa kwenye ubao, huwa ni lile lile. Reli imenyooka, bledi ni mpya, ubao umeshikwa barabara, na bado ukiweka skwea, kile kipimo cha pembe ya digrii 90, kwenye pembe unaona mwanga unapenya. Hapo fundi anachukua ufunguo na kuanza kulegeza skrubu za msumeno.

Weka ufunguo chini kwanza. Kwenye benchi ya matundu, ambako vigingi huchomekwa ndani ya matundu ili ubao na reli viviegemee, msumeno ndio wa mwisho kushukiwa. Anza na tundu, kisha kigingi, kisha reli, kisha ubao, halafu ndiyo mashine. Kila kimoja kinakaa juu ya kilichokitangulia. Ukiipinda mashine ili ifidie kigingi kinachocheza, utabaki na makosa mawili yanayofichana, na siku utakapohamishia reli kwenye matundu mengine yote mawili yatatoka kwa pamoja.

Kwa Lamu vifaa hivi vina maana yake. Meza kubwa ya msumeno haipiti kwenye vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa kale, na hata ikipita, karakana nyingi ni chumba kimoja cha chini chenye upana usiozidi urefu wa boriti ya mkoko. Msumeno wa reli na benchi inayokunjwa vinabebwa na punda mmoja. Lakini kinachokaa ndani ya hewa ya bahari mwaka mzima kina tabia ambazo kitabu cha maelekezo kilichoandikwa Ulaya hakizitaji, na matatizo mengi ya hapa chini yanatokana na hizo.

Kwa ufupi, mpango wenyewe uko hivi. Uso wa benchi ni MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ya milimita 18 au zaidi, yenye matundu ya duara yaliyopangwa safu kwa safu. Kampuni ya Festool ya Ujerumani ndiyo iliyoeneza kipimo cha tundu la milimita 20, na milimita 96 kutoka kati ya tundu hadi kati ya tundu linalofuata. Hiyo 96 ni 32 mara tatu, kipimo kile kile cha matundu ya pini za rafu kwenye makabati ya kisasa. Vigingi vifupi katika safu moja vinazuia ubao. Vigingi virefu viwili, katika safu inayokatana na ile ya kwanza, vinaegemewa na mgongo wa reli, yaani upande usio na mpira. Matundu yakikaa skwea, mkato unatoka skwea bila kupimapima.

Kabla ya lolote: kosa linajirudia au linabadilika?

Kata vipande vitatu vya masalio ya plaiwudi bila kugusa vigingi, ukiondoa ubao na kuurudisha kila mara kama unavyofanya kazini. Pima vyote vitatu.

Vikipotoka sawasawa, upande ule ule na kiasi kile kile, kuna kitu kimekaa vibaya na kimetulia hapo hapo: safu ya matundu, au kigingi kilichopinda. Kimoja kikienda kushoto, kingine kulia na cha tatu kikatoka vizuri, kuna kitu kinatembea: kigingi kinacheza, vumbi limeingia, reli imesukumwa, au ukingo wa ubao haukunyooka. Hizi ni safari mbili tofauti, na wengi hupoteza nusu ya siku kwa sababu hawakuanza na swali hili.

Usiutegemee mwanga wa skwea ndogo ya milimita 150. Kuna njia mbili zinazolikuza kosa hadi lionekane kwa macho. Ya kwanza ni ya kugeuza. Kata ubao katikati, geuza nusu moja juu chini, kisha ziunganishe tena kwenye ule mkato huku kingo za nyuma zote zikiegemea kitu kilichonyooka. Pengo utakaloona ni mara mbili ya kosa lenyewe.

Ya pili ni ya mikato mitano, na hii ndiyo ninayoiamini. Chukua ubao wa takriban milimita 500 kwa 500. Kata ukingo, zungusha ubao ili ukingo uliokatwa ndio uegemee vigingi, kata tena, na uendelee hadi pande zote nne zikatwe. Mara ya tano kata ukanda mwembamba, kama milimita 20, halafu pima upana wake huku na huku kwa kalipa. Tofauti igawe kwa nne. Ukanda wa urefu wa milimita 500 ukiwa na 20.0 upande mmoja na 20.8 upande wa pili, tofauti ni 0.8, na kosa la mkato mmoja ni milimita 0.2 kwa kila milimita 500. Hilo kwa kabati la jikoni utalivumilia. Kwa fremu ya mlango wa nakshi hutalivumilia.

Kosa linajirudia

Kagua safu za matundu kwa hesabu ambayo kila seremala anaijua, ya tatu, nne na tano. Kwenye matundu ya milimita 96, hatua tatu ni 288, hatua nne ni 384, na mshazari lazima uwe 480. Kupima kati hadi kati ni shida, kwa hiyo tia vigingi viwili kwenye ncha za mshazari na upime nje hadi nje. Kwa vigingi vya milimita 20 unatafuta 500 kamili. Pima mshazari wa upande wa pili pia. Ikiwa mmoja ni 500.5 na mwingine 499.5, matundu yako yamelala upande.

Benchi iliyotobolewa kwa mashine kiwandani mara nyingi haina tatizo hili, labda kama MDF imevimba. Iliyotobolewa kwa drili ya mkono na ubao wa mwongozo hulipata mara nyingi, kwa sababu kila tundu linapimwa kutoka kwa jirani yake na kosa linajikusanya safu baada ya safu. Huna haja ya kuitupa. Tafuta matundu manne au matano yanayofaulu hesabu ile, yazungushie rangi, na ukataji wa skwea ufanyike hapo tu. Mengine yabaki ya klampu. Nimeona benchi nzuri kabisa za namna hii, zenye matundu mengi na machache tu ya kuaminika, na mwenyewe anayajua kwa kupapasa.

Matundu yakiwa mazima, angalia vigingi. Zungusha kigingi kimoja kirefu nusu mzunguko na ukate tena. Kosa likibadilika, kigingi hicho kimepinda au hakikukerezwa sawasawa. Vigingi vya mbao vya kukereza ndivyo vinavyoshikwa zaidi na jaribio hili, kwa kuwa mbao hukauka upande mmoja kuliko mwingine na kile kilichotoka duara kamili kwa mkereza kinakuwa yai baada ya msimu mmoja. Kitie alama ya penseli kwenye kichwa ili kila mara kikae mwelekeo mmoja, au kerezesha kingine.

Sababu ya tatu ni ya uvivu, na sisi sote tunao: vigingi viwili vya reli kuwekwa karibukaribu kwa sababu matundu yaliyo wazi ndiyo hayo. Piga hesabu. Kigingi kimoja kikitoka nje ya mstari kwa milimita 0.2, na mwenzake yuko tundu la jirani, milimita 96 tu, basi kwenye mkato wa milimita 600 utakuwa umepotoka milimita 1.25. Vitenganishe kwa hatua sita, milimita 576, na upungufu ule ule wa 0.2 unakuletea milimita 0.2 tu mwishoni. Hakuna kifaa cha kununua kitakachokupa faida kubwa hivyo bure. Vigingi vya ubao navyo vivutane mbali kadiri urefu wa ubao unavyoruhusu.

Kosa linabadilikabadilika

Hapa ndipo penye kazi kubwa.

Kata vipande viwili vya karatasi ya kawaida. Kimoja kiweke kati ya reli na kigingi cha kwanza, kingine kati ya reli na kigingi cha pili. Sukuma reli taratibu iviguse, kisha vuta karatasi. Zote mbili zikaze. Moja ikitoka kwa ulaini, reli inagusa kigingi kimoja tu na inazunguka juu yake. Fanya vivyo hivyo kwa ubao na vigingi vyake. Kisha rudia jaribio baada ya kukata, reli ikiwa bado mahali pake. Karatasi iliyokaza mwanzo na kulegea mwisho inakuambia reli ilisogea ukiwa katikati ya kazi, na mara nyingi ni kwa sababu mkono ulisukuma msumeno kwa pembeni badala ya mbele. Bana reli kwa klampu ya chini, au safisha ile mikanda ya mpira iliyo tumboni mwa reli kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ikishajaa unga wa mbao haishiki tena.

Ukitumia vigingi vitatu kuzuia ubao, ondoa cha katikati. Viwili vinatengeneza mstari. Cha tatu kinabishana nao, na ubao unayumba baina ya jozi mbili tofauti kila unapouweka.

Kisha shika kigingi kwa vidole na ukitikise ndani ya tundu. Kikicheza hata kidogo unachokisikia, kosa ni hapo. Sababu ya kwanza ya kuulizia ni kipimo. Vigingi vingi vinavyoletwa na jamaa kutoka Marekani ni vya robo tatu ya inchi, milimita 19.05, na vinaingia kwenye tundu la milimita 20 bila kulalamika. Vinabakiza karibu milimita moja ya kucheza. Vigingi viwili vya namna hiyo vikitenganishwa kwa milimita 576 na kila kimoja kikaegemea upande wake, mkato wa milimita 1,200 unaweza kwenda nje karibu milimita 2. Kuvizungushia selotepu kunasaidia kwa siku mbili tatu, kisha gundi yake inayeyuka kwa joto na vumbi linagandia humo. Afadhali vitumike kwenye jiliwa, kile kifaa cha kubania mbao, ununue au ukerezeshe vya 20.

Tundu lililolegea kwa uchakavu ni habari nyingine. Mdomo wa MDF humeguka kwa kuingizwa na kutolewa vigingi vyenye kingo kali. Lipake ndani kwa supaglu nyepesi, liache likauke kabisa, kisha lipitishie msasa laini uliozungushiwa kijiti hadi kigingi kiingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Hilo linarudisha kiasi kidogo, si milimita nzima. Lililotanuka sana lizibe kwa kipande cha mbao na gundi, litobolewe upya.

Sababu ya mwisho katika kundi hili haiko kwenye benchi kabisa. Plaiwudi ya Lamu imeshuka lori Mokowe, upande wa bara, ikapanda mashua, ikapigwa na upepo, ikashushwa gatini, na kutoka hapo kichwani mwa mtu au ubavuni mwa punda. Kingo zake ziko kama zimetafunwa. Ubao wa namna hiyo ukiegemea vigingi unagusa popote palipovimba, na ukiuondoa na kuurudisha unagusa pengine. Usiuamini ukingo wa kiwandani hata kama unaonekana safi. Mkato wa kwanza wa kila shiti ya milimita 2,440 kwa 1,220 uwe wa kunyoosha upande mmoja mrefu kwa reli pekee, bila vigingi, ukitoa milimita 10 hivi. Ukingo huo utie alama, na ndio utakaogusa vigingi hadi mwisho wa kazi.

Na vumbi. Fagia mbele ya vigingi kwa brashi kila unapobadilisha ubao. Chembe moja ya unga uliogandamana inatosha kuharibu kila ulichokipima hapo juu.

Kigingi kinakaza au hakitoki

Tatizo hili lina msimu wake. Masika yakiingia, Aprili hadi Juni, na Kusi ikivuma na unyevu, MDF isiyopakwa kitu inakunywa maji ya hewani. Inavimba zaidi kwa unene, na mdomo wa tundu, pale nyuzi zilipokatwa, unainuka na kubana. Kigingi kilichoingia kwa ulaini wakati wa Kaskazi sasa kinahitaji nyundo. Lakini usikipe nyundo. Ukikipiga, kitaingia, na kesho yake kitatoka na kipande cha MDF.

Kigingi kilichokwama kisukume kutoka chini kwa kijiti cha mbao kinachopita ndani ya tundu. Koleo lisiguse kichwa chake. Mkwaruzo wa koleo kwenye alumini utaukwaruza ubao wako daima. Kikishatoka, zungusha msasa kwenye kijiti na upunguze mdomo tu, juu na chini, si ukuta wote wa tundu. Ukilipanua lote sasa, Disemba litakuwa limelegea na utakuwa umerudi kwenye sehemu iliyotangulia.

Dawa ya kudumu ni kuziba MDF kabla haijalowa. Chagua siku kavu, paka vanishi iliyochanganywa na thina nyingi ndani ya kila tundu, juu, chini na kingo zote za benchi. Upande wa chini ndio unaosahaulika, na ubao uliopakwa upande mmoja unapinda. Mdomo wa kila tundu ukwangue kwa mshazari mdogo wa milimita moja. Hapo unga wa mbao unapata pa kujificha na mdomo hauinuki tena. Maliza kwa nta. Mafuta usitumie, yataingia kwenye mbao ya mteja na vanishi yake haitashika.

Vigingi vya chuma cha kawaida vina ugonjwa wao. Chumvi ya hewani inavitia kutu, na kutu ni unene. Kama ndivyo ulivyo navyo, vifute na uvipake nta kila mwisho wa wiki, uviweke ndani ya kopo lenye kifuniko. Alumini, shaba nyeupe na chuma kisichoshika kutu havisumbui hivyo.

Bledi inakaribia kigingi

Hili si la kujaribu uone. Kabla ya kuwasha, zima umeme ukutani, weka msumeno juu ya reli na uutembeze mwanzo hadi mwisho, ukiuzamisha kidogo mahali kila kigingi kilipo. Unatafuta mambo mawili.

Kwanza, njia ya bledi. Kigingi cha kuzuia ubao kilicho kwenye mstari wa mkato kiondolewe, hata kama ni kifupi kuliko ubao, kwa sababu bledi inatoka chini ya ubao. Kina cha mkato kiwe unene wa ubao na milimita 2 au 3 zaidi, basi. Kumbuka kwamba misumeno mingine kipimo chake kinahesabu unene wa reli na mingine hakihesabu, na reli nyingi zina unene wa kama milimita 5. Anayekosea hapo ama hamalizi kukata ubao, ama anachimba benchi.

Pili, mwili wa msumeno. Mota inaning'inia juu ya reli, na vigingi virefu vikichomoza sana nyuma yake mota inavigonga katikati ya mkato. Vichwa vizidi uso wa reli kwa milimita chache tu. Vikiwa virefu mno kwa ubao mwembamba, weka ubao wa masalio chini ya kazi uiinue.

Kwa maoni yangu, upande wa reli utumie alumini na upande wa bledi utumie mbao ya kukereza, mbambakofi au chochote kigumu ulicho nacho. Kigingi cha mbao kikikatwa kwa bahati mbaya kimekatwa tu. Cha chuma kinavunja meno ya bledi na kuyarusha. Wako wanaosema huu ni ushamba, vigingi vyote viwe vya kununua seti moja. Bledi ni zao.

Reli inainuka au inayumba

Angalia kama kigingi cha ubao kimezidi unene wa ubao na reli imekalia kichwa chake. Ni sababu ya kwanza na inasahaulika kwa kuwa tunabadilisha kutoka milimita 18 kwenda 12 bila kubadilisha vigingi. Kisha angalia ncha ya mbali. Reli inayopita nje ya ubao na kuning'inia inainama chini ya uzito wa msumeno, na mkato unatoka na mshazari mdogo mwanzoni au mwishoni. Weka kipande cha masalio cha unene ule ule wa ubao chini ya kila ncha. Ni suala la dakika moja.

Mbao inaungua, msumeno unapiga kelele au unarudi nyuma

Anza kwa kuuliza vigingi vimebana nini. Ukifinya ubao kati ya vigingi vilivyo pande zote mbili za mkato, kwa kabari au jiliwa, ubao ukishakatwa nusu zake zinasukumwa zikutane. Njia ya msumeno inajifunga juu ya bledi. Mwanzo utaona moshi na ukingo mweusi, na ikizidi msumeno unaruka kumrudia aliyeushika. Shika upande mmoja tu, ule ulio chini ya reli. Upande unaoanguka uache huru uweze kusogea kando, lakini uwe na kitu chini yake usidondoke na kumegua mwisho wa mkato.

Mbao ngumu za hapa nchini zinabana hata bila kigingi, kwa sababu ubao mnene uliokaushwa haraka una mkazo ndani yake. Ubao wa mvule ukianza kujifunga, simamisha, toa msumeno bledi ikishatulia, tia kabari nyembamba ya mbao kwenye njia uliyokwisha kukata, ndipo uendelee. Ubao wa unene mkubwa ukate kwa awamu mbili, kina cha nusu kwanza.

Mvule una jambo lake jingine. Ndani yake huwa kuna mawe, chokaa iliyogandamana ndani ya nyuzi, na huyaoni kwa nje. Ukisikia mlio mkali wa ghafla au kuona cheche mahali pasipo na msumari, ni hayo. Bledi iliyopita humo mara moja inaweza kubaki butu upande mmoja, na bledi butu upande mmoja inavuta mkato. Kwa hiyo kama msumeno ulikuwa unakata skwea asubuhi na mchana umeanza kupotoka baada ya mvule, toa bledi uikague meno kabla hujavirudia vigingi. Vumbi la mvule pia linawasha pua na ngozi za watu wengi. Barakoa si mapambo.

Bledi yenyewe iwe ya kazi yake. Meno 48 kwenye bledi ya milimita 160 ni mazuri kwa plaiwudi na mikato ya kukatisha, lakini kupasua mvule kwa urefu kwa bledi hiyo ni kuchoma moto. Tumia ya meno machache. Utomvu uliogandia uoshe, usiukwangue kwa kisu.

Umeme nao una mkono wake. Kenya tunatumia volti 240. Mashine ya Marekani ya volti 120 inahitaji transfoma inayoimudu. Hata mashine ya hapa inalegea ikipewa umeme kupitia waya mrefu mwembamba uliosokotwa kwenye kibiringi. Ukunjue wote. Dalili ni sauti ya mota kushuka kila unapousukuma msumeno, hata kwenye plaiwudi nyepesi.

Ukingo unameguka

Mpira wa ukingo wa reli ndio unaozuia uso wa plaiwudi usimeguke, na unafanya kazi ukikaa sawa na bledi tu. Ukishachakaa au ukakatwa kwa bledi nyingine yenye upana tofauti, unabaki nyuma. Badilisha, kisha kata mpya kwa bledi unayoitumia kweli. Upande wa kazi uwe chini ya reli. Ule wa nje hauna ulinzi, na usitarajie usafi huko.

Kuna wanaogeuza reli ili mpira uguse vigingi, kwa sababu benchi yao iko ukutani na hawafiki upande wa pili. Mpira unabonyea. Mkato hauwezi kuwa skwea wala safi. Sogeza benchi.

Vipande havilingani urefu

Kigingi cha mwisho cha kuzuia urefu kinaweza kukaa tu palipo na tundu, na mteja hataki kabati la hatua za milimita 96. Wengi hapo hurudia kupima kila ubao kwa futi na penseli, na tofauti ya unene wa penseli inaingia. Tengeneza vipande vya kujazia kwa mbao kavu, vya milimita 10, 20, 40 na kadhalika, uviweke kati ya kigingi na ubao. Kigingi cha duara kinagusa nukta moja, kwa hiyo ncha ya ubao isipokuwa skwea urefu utategemea umeusogeza wapi. Kata ncha ya kwanza kwanza, kisha ndiyo uigeuze iguse kizuio.

Kila kitu ni skwea, ila kabati halikai ukutani

Basi ni ukuta. Nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa plasta unabadilika kila hatua. Chumba kinaanza na upana mmoja mlangoni na kuishia na mwingine dirishani. Mteja atakuja na kusema, "Fundi, kabati lako limepinda." Usibishane naye, wala usirudi karakana kugusa vigingi. Weka skwea yako kubwa kwenye kona ya chumba mbele yake, naye ataona.

Kabati libaki skwea, kwa sababu milango na droo zinalitaka liwe hivyo. Upana upime sehemu tatu, juu, kati na chini, utumie mdogo kuliko wote, na kila upande unaogusa ukuta uongeze ukanda wa mbao wa milimita 30 au 40. Kabati likishasimama wima kwa pima maji, tembeza penseli ukutani na kipande kidogo cha mbao ili mchoro ufuate matuta ya chokaa, kisha ukanda huo ukate kwa msumeno mwembamba wa mkono na uumalizie kwa randa. Kazi hiyo haina reli wala vigingi.